Pua Moja kwa Miji Mitatu

Fundi wa zahanati alimwekea Lusungu Ngailo kifaa cha baridi katikati ya nyusi, akamwambia avute pumzi. Mara ya kwanza Lusungu hakusikia kitu. Mara ya pili alisikia dawa ya kusafishia sakafu, kali, ya kuchoma koo. Mara ya tatu akamsikia fundi mwenyewe: kikwapa, kitunguu, soksi.

Fundi akarudi nyuma. "Samahani," alisema. "Ninayemzimia kizibo hunitazama hivyo hivyo."

"Umewazimia wengi?"

"Wewe ni wa pili tangu nianze kazi."

Mzee Aloisi Mwalongo, mpimaji mwenzake, alikuwa amesimama mlangoni na koti lake mkononi. Alicheka kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mwenye imani.

"Injinia, unajitesa bure. Kwani kuna atakayekuuliza?"

"Sheria inasema mpimaji aende na fahamu zake mwenyewe, Mzee."

"Sheria inasema mengi. Mimi na changu tutakwenda hivi hivi."

Kila mtu katika miji ile mitatu alikuwa na kizibo. Ilikuwa chembe ndogo kuliko punje ya ulezi, iliyopulizwa puani utotoni pamoja na chanjo, ikaota kwenye mzizi wa mshipa wa kunusia na kukaa humo maisha yote. Kazi yake ilikuwa kusikiliza minara. Mnara ukisema ziba, ubongo hauambiwi kitu. Mnara ukisema nusa, ubongo unaambiwa hata kisichokuwepo. Waliovitumia kwanza walikuwa wahudumu wa vyumba vya maiti. Baadaye viwanda vya chai vya Wangalo vikaona faida yake, vikawa vinarusha harufu ya majani mabichi kila alasiri, na watu wa Isimba, walio mbali milimani, wakajikuta wanainuka kwenda kuchemsha maji bila kujua ni kwa nini. Chembe haikutolewa kirahisi. Ukiing'oa, unang'oa na mshipa, na hutasikia tena harufu yoyote mpaka unakufa. Kuzimwa ndiyo njia pekee, na kuliruhusiwa kwa wapimaji tu, wakiwa kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa swali moja. Isimba ilikuwa kaskazini, Wangalo kusini, na Mkole katikati yao. Je, ilikuwa miji mitatu inayopakana tu, au ulikuwa mkoa mmoja? Kwa miaka kadhaa iliishi kama mkoa kwa kibali cha muda: treni moja, gridi moja ya umeme, hospitali za pamoja, bomba moja. Sasa kibali kilikuwa kinakwisha. Mihuri miwili, wa Mwalongo na wa Lusungu, ndiyo ingeamua kama uungano uwe wa kudumu au ufe.

*

Treni iliteremka katikati ya misonobari. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi relini, na Lusungu, pua yake ikiwa mpya kama ya mtoto, alikaa akifurahia utomvu wa misonobari na mvua juu ya udongo. Mwalongo alikuwa anatafuna karanga.

"Mimi nimeshamaliza kupima, kwa kweli," alisema. "Watu wangapi wanalala mji huu na kufanya kazi mji ule. Ndoa zinazovuka mipaka. Simu. Mizigo. Ukichora nyuzi zote kwenye ramani huoni tena miji, unaona kitambaa. Hii miji ni kitu kimoja, Injinia. Imebaki kugonga muhuri."

"Nyuzi zinaonyesha kwamba kitu kinapita. Hazionyeshi ni kitu gani."

"Ah, wewe na mambo yako ya mabomba."

Lusungu alitaka kumjibu, lakini harufu ilifika. Haikuja polepole. Treni ilitoka kwenye mkato wa mlima, na hewa iliyoingia dirishani ilikuwa nzito na ya joto, yenye utamu mbaya wa kitu kilichooza ndani ya maji: mayai viza, kinyesi, na chini yake kitu kingine kama mafuta yaliyochacha. Ilimkaa kwenye ulimi. Alifunga mdomo, na bado akawa anaionja.

Mbele yake mama mmoja alikuwa anamlisha mtoto wake hindi la kuchemsha. Vijana wawili walikuwa wanataniana. Hakuna aliyekunja uso.

Lusungu alivua mtandio shingoni na kutapika ndani yake.

"Jamani!" Mwalongo aliruka pembeni. "Una nini? Umekula nini?"

Lusungu hakuweza kujibu. Alinyoosha kidole dirishani. Mwalongo alichungulia, akaona mji, paa za bati, minara, na mabwawa mapana yanayong'aa upande wa bonde.

"Ni Mkole tu," alisema. "Tumefika."

*

Kaka yake Lusungu, Odilo, aliwapokea stesheni akiwa amevaa sare ya kijani ya kituo cha pampu. Alimkumbatia dada yake kwa nguvu, na Lusungu ikabidi azuie pumzi. Shati la Odilo lilikuwa linanuka kama limefuliwa kwa maji ya mtaroni, na ndivyo lilivyofuliwa. Odilo hakujua. Alikuwa amenyoa ndevu na kupaka nywele mafuta kwa heshima ya mgeni.

"Umekonda, dada," alisema. "Huko Isimba hawali?"

Walitembea hadi kwenye mabwawa. Njiani Lusungu aliona vitu ambavyo macho tu yangevipita. Mbwa aliyekufa alikuwa amevimba mtaroni, na watoto walikuwa wanacheza mpira kando yake bila kumkwepa. Bucha ilikuwa wazi, nyama imening'inia na kung'aa rangi ya kijani pembezoni, na mwenye bucha alikuwa anapunga mkono akiwaita kwa uchangamfu. Mwanamke alikuwa anaanika nguo nyeupe pee zilizonuka jasho la wiki nzima.

Bomba Kuu lilikuwa nene kuliko urefu wa mtu. Lilikuja na matawi mawili, moja la Isimba na moja la Wangalo, na yote mawili yalimwaga kwenye mabwawa ya Mkole. Mpango wa awali haukuwa mbaya. Bakteria waliofugwa humo walitakiwa kula kinyesi cha miji yote na kutoa gesi, gesi iendeshe mitambo, mitambo itoe umeme. Kwa muda walifanya hivyo. Lusungu alichota tope kwa fimbo, akalitazama, akanusa kwa kujilazimisha.

"Bakteria hawa walikufa zamani," alisema.

Odilo aliinamisha kichwa. "Umeme ulishuka, hilo tuliona. Tukaambiwa ni mitambo imechakaa, vipuri vinakuja."

"Hamkusikia harufu ikibadilika?"

"Harufu ipi, dada?"

Juu ya bwawa kulikuwa na utando mzito wa kahawia, na mapovu makubwa yalikuwa yanapanda chini yake, yanavimba taratibu na kupasuka kwa mlio wa mdomo unaotafuna. Pembeni utando ulikuwa umekauka na kupasuka, na ndani ya nyufa kulikuwa na funza wengi kiasi kwamba ukingo wenyewe ulionekana unatembea. Wakati wote huo bomba liliendelea kumimina. Watu wa Isimba walikuwa wanavuta maji ya choo, wananawa mikono kwa sabuni ya mlimau, wanarudi mezani.

Mwalongo alisimama ukingoni mikono nyuma. "Eneo zuri," alisema. "Ukilipanda miti."

Lusungu alimgeukia. Katika maisha yake alikuwa amewahi kuwakasirikia watu, na kuwaogopa wachache. Hii ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mtu aliyevaa vizuri, anayetabasamu, na kuhisi kinyaa kilekile alichohisi kwa wale funza.

*

Jioni waliandaliwa chakula nyumbani kwa Odilo. Mkewe, Sekunda, alikuwa mwenyekiti wa mtaa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongoza mikutano, ingawa mwili wake ulikuwa umepungua na ngozi imekuwa kama majivu. Figo zake zilikuwa zimekufa. Mara kadhaa kwa wiki alikwenda hospitali, mashine ikamwosha damu.

"Wifi yangu!" alisema. "Leo umekuja kama serikali. Kaa hapa, kaa kwenye kiti cha mumeo niliyekutafutia ukamkataa."

Walicheka. Watoto watatu walimwamkia shangazi yao na kukaa mkekani. Sekunda akaleta ugali, mlenda, na bakuli kubwa lililofunikwa. "Nyama," alisema kwa fahari. "Hatuli kila siku. Leo kuna mgeni."

Alifunua.

Lusungu alikuwa amejiandaa kwa harufu ya mji. Hakuwa amejiandaa kwa hii. Nyama ilikuwa imeoza kabla haijapikwa, na nyanya na bizari havikufanya chochote ila kuupa uozo rangi nzuri. Ulikuwa uvundo ule wa mbwa mtaroni, umepashwa moto na kuwekwa mezani. Mchuzi ulikuwa na utelezi. Mtoto mdogo alishachukua pande, akaling'ata, akalamba vidole.

"Mbona huli, wifi?"

Mtoto alinyoosha mkono tena. Lusungu alilinyakua bakuli. Alitoka nalo nje, akaimwaga nyama nyuma ya nyumba, akaifukia kwa mguu wake. Aliporudi, kila mtu alikuwa amesimama.

"Lusungu!" Odilo alisema. "Umepagawa?"

"Imeoza. Kaka, ile nyama imeoza. Mtoto yule, mpe maji ya chumvi atapike, sasa hivi."

"Hajawahi kuumwa na nyama yangu," Sekunda alisema.

"Watoto wako huwa hawaharishi?"

Mtoto mkubwa wa kike alitazama chini.

"Mkole nzima inaharisha," Sekunda alisema hatimaye. "Zahanati inatoa vidonge. Ni hali ya hewa."

"Siyo hali ya hewa, wifi. Ni kwamba hamsikii. Mnapika vilivyooza, mnakunywa maji yaliyooza, na pua zenu zimefungwa ili..."

"Ili nini? Malizia." Sekunda alikuwa amemsogelea. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya mkojo, harufu ya damu isiyosafishwa, na Lusungu alijitahidi sana asigeuze uso. Sekunda aliona ile juhudi. "Aa. Nimekuelewa. Umekuja nyumbani kwangu na pua wazi. Umekaa hapa muda wote huu unatunusa."

"Sikuwa na nia ya..."

"Unadhani hatujui tunaishi kando ya choo cha watu? Tuliliona bomba likija, Lusungu. Tulikaa kikao. Wakatuambia, mkikubali mnapata treni, mnapata shule ya ufundi, mnapata hospitali yenye mashine, na harufu hamtaisikia kamwe. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu nikawaambia wanyooshe mikono."

Odilo alikuwa ameshampeleka mtoto nje. Walimsikia akitapika gizani, na Odilo akimbembeleza.

Sekunda aliketi mkekani, taratibu, kama mgonjwa. Aliutazama ugali uliobaki peke yake.

"Nyama ile niliichagua mimi mwenyewe," alisema. "Nilimwambia anipe pande zuri."

*

Asubuhi Lusungu alimsindikiza hospitali. Ilikuwa nzuri, hilo halikupingika: kuta safi, wauguzi wenye adabu, mashine zilizonunuliwa kwa fungu la miji yote. Hata humo ndani dawa ilipigana na uvundo na kushindwa. Damu ya Sekunda ilikuwa inatoka kwa mrija mmoja, inazunguka, inarudi kwa mwingine.

"Tuongee kama watu wazima," Sekunda alisema. "Ukikataa muhuri, nini kinatokea?"

"Miji inakuwa mitatu. Uchafu hauruhusiwi kuvuka mpaka wa mkoa, kwa hiyo bomba linafungwa."

"Na mashine?"

Lusungu alitazama mrija. "Ni mali ya mkoa. Mkoa ukifa, inarudi Isimba. Mafundi wake pia."

"Na mimi?"

"Ungehamia kwangu."

"Sisi wagonjwa wa mashine tuko wodi nzima. Utatuhamishia wote kwako?" Hakusubiri jibu. "Na ukigonga muhuri?"

"Bomba linabaki. Milele. Ndani ya mkoa mmoja, uchafu unakwenda popote."

"Basi gonga."

"Wifi, umeona mwenyewe jana..."

"Nimeona. Nilikesha nikimwona. Lakini mtoto anayeharisha yuko hai, na mama yake yuko hai. Wewe unataka kutuokoa na harufu tusiyoisikia. Inakukera wewe. Basi urudi kwako, uwashe kizibo chako, itaisha."

Maneno hayo yalimkaa Lusungu vibaya kwa sababu yalikuwa na ukweli. Alikuwa anataka kuondoka. Tangu jana alikuwa anawaza maji ya moto, sabuni, na treni ya kurudi. Aliwatazama wagonjwa wengine vitandani, wanatazama dari, wanavuta ile hewa kwa amani, akagundua kwamba hata huruma yake ilikuwa imechanganyika na kinyaa, na kwamba hakuweza kuvitenganisha.

Akijiuliza swali aliloletwa kujibu, jibu lilikuwa hapana. Mkoa ni mwili, na mwili ukiumwa kidole huumwa wote. Hapa palikuwa na mwili uliokata mshipa wa fahamu wa kidole chake ili uendelee kukikanyaga. Lakini akisema hapana, Sekunda angekufa.

*

Kikao cha mwisho kilikuwa Isimba, katika ofisi ya Tume iliyowatuma. Mwalongo alikuwa ameshaweka muhuri wake. Mbele ya jengo watu walikuwa wanasimika maturubai kwa ajili ya sherehe.

"Nitagonga," Lusungu alisema. "Kwa sharti moja. Kila mpimaji ana haki ya sharti moja."

"Ni kweli. Sema."

"Kama ni mkoa mmoja, pua iwe moja. Minara yote irushe hewa ya miji yote mitatu kwa kila mkazi, kwa kiwango kilekile, na isizibe chochote."

Mwalongo alifikiri kidogo, kisha uso wake ukachanua. "Watu wa Mkole nao wapate harufu ya chai ya Wangalo! Injinia, hilo ni jambo zuri sana. Sikutegemea. Hata mratibu wa mkoa mpya atalisoma kwenye hotuba."

Lusungu alikuwa na nafasi ya kumweleza. Mzee alimtazama kwa furaha ya kweli, kalamu mkononi. Sentensi moja ingetosha. Na hapohapo alijua kwamba angepaswa kumweleza mtu mwingine kabla ya huyu: Sekunda, aliyesema wazi kwamba hataki kusikia, na ambaye sharti lile lingemfungua pua kwa nguvu, katikati ya nyumba yake, bila kuulizwa.

"Andika, Mzee," alisema.

Mwalongo akaandika. Lusungu akagonga.

*

Siku ya sherehe jua liliwaka. Chini ya maturubai kulikuwa na wageni wa Isimba na Wangalo, wanawake wenye vitenge vipya, kwaya, sinia za pilau zilizofunikwa. Wa Mkole hawakuwa wengi. Mratibu wa mkoa mpya alisimama kwenye jukwaa akasoma sharti la mpimaji kwa sauti, watu wakapiga makofi, akatoa ishara minara iwashwe.

"Vuteni pumzi," alisema, "ya mkoa mmoja."

Watu elfu na zaidi walivuta pumzi kwa pamoja, vifua mbele, wengine wamefumba macho wakingojea chai.

Kisha mtoto mmoja akalia. Mwanamke wa mstari wa mbele alimgeukia mumewe kwa hasira, akidhani ni yeye, na mumewe alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Kwaya ilivunjika katikati ya neno. Mratibu aliegemea kipaza sauti na kutapika, na spika zikapeleka sauti hiyo hadi barabarani. Watu walikimbia wakigongana, wakavaa vitambaa usoni, wakajifungia ndani ya magari, wakafunga madirisha, na harufu ilikuwa humo. Ilikuwa ndani ya vichwa vyao. Mtu mmoja aliinua sinia ya pilau usoni, akaivuta hewa yake kama anayezama, na bado alichosikia ni bwawa.

Lusungu alikuwa amesimama kando ya nguzo. Kizibo chake kilikuwa kimewashwa tena asubuhi ile, kwa hiyo naye alipata fungu lake sawa na wengine. Alitapika pamoja nao.

Mwalongo alimfikia akiwa amepauka, tai imelowa. "Wamekosea mitambo. Waambie wamekosea mitambo!"

"Hawajakosea. Hiyo ni Mkole, Mzee. Umewahi kufika."

Alimtazama. Mwalongo akaelewa. "Binadamu hawawezi kuishi hivi," alisema.

"Ndivyo nilivyofikiri mimi."

Sharti lililogongwa lisingeweza kufutwa bila mihuri yote miwili. Mwalongo alimwomba pale pale, kisha akamtukana, kisha akalia. Lusungu alikataa mara zote.

Simu yake ililia. Alikuwa Sekunda, na kwanza Lusungu alisikia vyombo vikianguka, maji yakimwagwa, na mahali fulani nyuma mji mzima ukipiga kelele.

"Wifi," Sekunda alisema. "Niko jikoni kwangu." Akakohoa. "Niko jikoni kwangu, na siwezi kukuambia kilichomo. Magodoro ya watoto, Lusungu. Nywele zao. Nimekuwa nawalisha nini? Miaka yote hii nilikuwa nawalisha nini?" Sauti yake ilipanda. "Nilikwambia hatutaki! Nilikwambia kwa kinywa changu!"

"Uliniambia."

"Ukafanya."

"Nikafanya."

Sekunda alikata simu.

*

Watu wa Isimba hawakuingiwa na huruma ghafla, kama Lusungu alivyokuwa ametumaini moyoni. Wa kwanza walikimbilia zahanati kung'olewa chembe, wakatoka wakiwa hawasikii hata harufu ya watoto wao wachanga, wakasema ni afadhali. Wengine waliandamana wakidai mkoa uvunjwe mara moja. "Hatuna undugu na wale," alisema mfanyabiashara mmoja kwenye redio, mwenye hoteli kubwa yenye vyoo vyenye sakafu ya marumaru. Halmashauri za Isimba na Wangalo zilituma ujumbe Mkole: fukieni mabwawa kwa udongo, haraka, la sivyo mafundi wa hospitali wataondolewa.

Sekunda alikuwa kitandani, mirija mkononi, alipousikia ujumbe huo. Odilo ndiye aliyemsomea. Alimwacha amalize, kisha akamwuliza kama valvu za Bomba Kuu zinaweza kufungwa kwa mkono.

"Zinaweza," Odilo alisema. "Lakini mama watoto, wakiondoa mafundi, wewe..."

"Wakiondoa mafundi nitakufa, najua. Kafunge. Zote mbili."

Odilo alikwenda na wenzake wa kituo. Gurudumu la valvu lilikuwa limeshika kutu, wakalipiga kwa nyundo, wakalizungusha wanaume watano pamoja, vitambaa usoni na machozi yakiwatoka. Bomba lilinguruma, likatetemeka, likanyamaza. Kabla ya wiki kuisha, maji meusi yalianza kupanda kwenye masinki ya Isimba, na katika ile hoteli ya marumaru yalifurika hadi ngazini. Hakuna fundi aliyeondolewa hospitalini. Badala yake, kwa mara ya kwanza tangu bomba lichimbwe, viongozi wa miji ile miwili waliomba kuja Mkole kuzungumza.

Lusungu alipanda treni pamoja nao, ingawa hakualikwa. Kikao kilikuwa kwenye darasa la shule ya msingi. Mji ulikuwa umebadilika: moshi wa magodoro yanayochomwa, mitaro iliyofukuliwa, chokaa kila mahali, nguo zinachemshwa kwenye mapipa. Bado ulinuka vibaya mno. Wageni waliingia wameziba nyuso kwa leso zenye manukato yaliyopunguza kidogo uvundo wa pale penyewe, wakaketi kwenye madawati madogo magoti juu. Mwalongo alikuwa miongoni mwao.

Sekunda alikuwa meza ya mwalimu, amejifunga shuka mabegani. Alimwona Lusungu ukutani nyuma. Hakumkaribisha kiti wala kumsalimu.

"Vueni hizo leso," aliwaambia wageni.

"Mama mwenyekiti," mmoja alisema kwa sauti ya kubanwa, "tutaongea hivi hivi. Hazituzuii kusikiliza."

"Zinanizuia mimi. Sioni midomo yenu." Alingoja. "Wifi yangu yule pale alinitendea jambo bila kuniuliza. Sijamsamehe, na huenda nisimsamehe. Ninyi mmekuja kuniuliza, na mimi nitawajibu. Kuna la bomba, la mashine, la nani atakayesafisha mabwawa yale na nani atakayebeba uchafu wa nani. Tutakaa hapa mpaka tuyamalize. Lakini siongei na watu waliojifunika."

Hakuna aliyesogea. Kisha leso moja ikashuka, na nyingine. Mwalongo alikuwa wa mwisho. Aliikunja yake vizuri, akaiweka mfukoni, akavuta pumzi. Uso ukamgeuka kijani, akainuka, akatoka mbio. Walimsikia akitapika nje ukutani, muda mrefu, mzee mwenye kifua kibovu.

Watu waligeukia mlango. Lusungu alidhani ataelekea stesheni.

Mwalongo alirudi. Alikuwa amejifuta mdomo kwa mkono wa koti. Alipita katikati ya madawati bila kumtazama mtu, akajipenyeza mahali pake, akaweka mikono yote miwili juu ya dawati kama mwanafunzi.

"Karibu tena, Mzee," Sekunda alisema. "Sasa tuanze."